Saa ya Kando ya Kitanda cha Baba

Chiwanda,
Jumapili, 14 Mei 2023

Mwanangu Hamphrey,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi lenu la Mbinga, wewe na mkeo Aurelia. Mimi shangazi yako mzima, ukiacha magoti, na magoti yenyewe nimeshayazoea. Dagaa wetu hawa, usipa, mwaka huu wapo tele ila jua la kuwaanikia hakuna, mvua imegoma kwisha, wananiharibikia kwenye kichanja huku nawaangalia. Mihogo iko vizuri. Padre mpya amekuja, kijana, nasikia anahubiri upesi upesi, watu wanampenda.

Sasa la baba yako. Siku ya pili ya Pasaka nilikupigia nikakuambia kaka yangu ameanguka. Ukasema "sawa Shangazi, poleni Shangazi," ukakata. Ndiyo maana leo nimetafuta kalamu. Kwenye simu wewe ni sawa, sawa, basi. Na mimi kupata mtandao mpaka nipande mlimani, nikirudi nakuta kajilowesha. Simu ikishika hapa nyumbani kwa bahati, yeye anasikia kila neno. Kiharusi kimechukua mdomo na upande wote wa kulia, lakini masikio kimemwachia. Kwenye barua naweza kusema.

Uji anakunywa. Maneno hana hata moja. Nesi alituambia tumgeuze kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, mgongo usije ukatoka vidonda. Nitajuaje kama masaa mawili yamepita? Kisimu changu cha kitochi tangu nikinunue hakijawahi kusema saa ya kweli. Naye baba yako mchana na usiku vimemchanganyikia, analala adhuhuri na kukodoa macho watu wakilala.

Kwa hiyo nataka saa ya kuweka kando ya kitanda, zile za namba nyekundu zinazowaka, kubwa, azione bila miwani. Iwe na kengele. Iwe na redio. Na iwe na pa kuwekea CD, hapo usinipunguzie, kwa ajili ya ile CD ya kwaya ambayo mama yako marehemu Edina anaimbisha wimbo wa sita. Deki yetu ilikufa mwaka jana. Baba yako analishika kasha la ile CD kwa mkono wa kushoto kutwa nzima. Hawezi kuomba, ila mimi naelewa anachoomba.

Wewe ni fundi wa redio na simu, hili si la kukushinda. Chagua nzuri, uilete mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako,
Hilda

*

Mbinga,
3 Juni 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika salama, dereva wa basi aliniletea mpaka kibandani. Sisi hapa hatujambo. Baridi ni kali, asubuhi vidole havishiki bisibisi. Watu wameanza kuchuma kahawa kwa hiyo kazi zimepungua, ila baada ya mavuno kila mtu ataleta redio yake. Aurelia anakusalimu sana. Poleni kwa kuuguza.

Kuhusu saa uliyoagiza. Nimeulizia maduka yote ya hapa mjini. Ukweli ni kwamba vitu vya CD vimekwisha sokoni, siku hizi ni flash na bluetooth. Saa zenye redio zipo, namba kubwa, zingine nyekundu, zingine bluu. Bluu usichukue, inaumiza macho gizani, mgonjwa hatalala. Zipo nilizoziona zina alama ya CD juu yake lakini nilipozifungua ndani hakuna kitu, ni urembo tu. Nisingependa kukutumia urembo.

Ninachoshauri ni hiki: nitumie ile CD, niihamishie kwenye flash, kisha nikununulie saa ya kawaida yenye tundu la flash. Sauti ni ile ile. Flash haikwaruziki, haina lenzi ya kufa. Kwa upande wa ufundi hilo ndilo jambo la busara.

Naomba unijibu, ni CD ya kuchoma wenyewe au ya kiwandani? Na umeme hapo unakatika mara ngapi kwa siku?

Wako,
Hamphrey

*

Chiwanda,
25 Juni 2023

Mwanangu Hamphrey,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Hapa upepo wa mwera umeanza, mitumbwi imepandishwa juu wiki ya pili hii, tunakula mboga za majani mpaka tunakaribia kulia kama mbuzi. Mjomba wako wa Lituhi amepata mjukuu. Magoti ni yale yale.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomtaja baba yako. Nimekuta "mgonjwa." Mgonjwa yupi, fundi? Umenijibu la bluu na nyekundu, la lenzi na la tundu. La kuja hukujibu.

CD sikutumii. Nilijaribu kuichukua mkononi mwake niifungashe, akaanza kutetemeka mwili mzima, jasho likamtoka. Nikamrudishia. Ile picha ya kwaya kwenye kasha imeshafutika kwa kidole chake, na mama yako pale alikuwa mstari wa mbele. Unataka nimwambie mtu huyo kwamba mke wake amehamishiwa kwenye kitu cha ukubwa wa kucha? Sauti ni ile ile, sawa. Lakini baba yako ndiye aliyeifundisha ile kwaya, na anaijua CD yake. Tafuta ya CD. Usipoipata Mbinga nenda Songea.

CD ni ya kuchomwa, wameandika kwa kalamu juu yake. Umeme unakatika unavyotaka, wakati mwingine mara tatu kwa siku, wakati mwingine siku tatu kwa mara moja.

Kidonda kimoja kimeanza, kiunoni, kidogo. Nimekiosha kwa maji ya chumvi. Huwa nahesabu masaa kwa kuimba nyimbo za kitabu, kumi na tano hivi ni saa nzima, lakini nalala kabla sijafika.

Shangazi yako,
Hilda

*

Mbinga,
18 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua. Pole kwa mwera, na mpe hongera mjomba. Hapa kahawa imeanza kwenda mnadani, mji umechangamka, redio zimeanza kuja kibandani. Aurelia ana mimba ya miezi mitano. Hatujamwambia mtu isipokuwa mama yake Kigonsera, na sasa wewe.

Nilikwenda Songea Jumamosi. Nimepata tatu zenye CD ya kweli, zote mtumba. Ya kwanza CD inaingia kwa mbele, kwenye mdomo mwembamba. Hizo zikikwama hutoi mpaka ufungue nati nane. Ya pili ina droo inayotoka na kurudi, lakini namba zake ni ndogo, mtu wa miaka sabini na nane hazioni. Ya tatu mfuniko uko juu, unafunguka kwa kubonyeza mara moja, hata kwa mkono wa kushoto peke yake. Namba nyekundu, urefu wa kidole gumba, na mwanga unapunguzwa. Ina nafasi ya betri, umeme ukikatika saa haipotei. Kengele yake unaweza kuiambia ipige mlio, au redio, au CD yenyewe. Nimeikalisha mezani siku mbili nikiisikiliza. Lenzi nimeisafisha. Nafikiri ndiyo hiyo.

La kuja. Unajua mengi, Shangazi, lakini acha niliandike mara moja maana sijawahi kulisema.

Mama alipofariki, Julai ya mwaka 2019, nilipata taarifa jioni nikaondoka usiku ule ule. Gari liliharibika Lundo. Nikalala pale ufukweni, nikategesha simu iniamshe alfajiri nipate pikipiki, maana mazishi yalikuwa saa nne. Simu ikaniamsha. Nilifika hapo ikisema saa nne kasoro dakika kumi, nikakuta watu wanashuka kutoka makaburini. Ilikuwa inakaribia saa tano. Usiku ule simu ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo, wa Malawi, na wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu saa nzima. Simu ikajirudisha nyuma yenyewe. Nilipoitoa mfukoni nimwonyeshe Baba, ilikuwa imeshashika mnara wetu, inasema saa tano kamili kama saa za watu wote. Akaniambia, fundi simu unanidanganya kwa simu.

Na siku ya kuanua tanga, mbele ya wazee wote, wewe ukiwepo, akasema: "Usikanyage uani kwangu mpaka nikuite kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mwaka juzi nilijaribu. Baba alikuwa ziwani, wewe ulikuwa shambani. Niliingia uani hatua mbili tatu, nikageuka. Wiki ile ile mimba ya kwanza ya Aurelia ikatoka. Hospitali walinieleza sababu yake, na mimi ni mtu wa waya, naelewa sababu ni nini. Lakini neno la baba halijaondolewa, na sasa mdomo wenyewe haupo. Mimba hii ina miezi mitano. Siwezi kujaribu tena, Shangazi. Naogopa.

Je, amewahi kuonyesha chochote juu yangu? Chochote?

Hamphrey

*

Chiwanda,
9 Agosti 2023

Mwanangu Hamphrey,

Marahaba, baba. Mwambie Aurelia ale vizuri na asinyanyue ndoo. Nitamfungia usipa waliokauka vizuri, wenye mchanga nimewatenga. Kumbe mimba ya kwanza ilitoka, nami sikuambiwa. Nimekaa nayo moyoni siku mbili ndiyo nikapata nguvu ya kukuandikia. Pole mwanangu. Poleni wote wawili.

Chukua ile ya tatu, ya mfuniko wa juu. Umechagua vizuri, mkono wa kushoto ndio alionao. Nimemweleza, nikamwambia namba zina urefu wa kidole gumba. Alikitazama kidole gumba chake muda mrefu.

Uliniuliza kama ameonyesha chochote juu yako. Baba yako hawezi kusema, Hamphrey. Hilo umeshalijua.

Kidonda cha kiunoni kimekuwa viwili. Nesi amenigombeza. Nilimwambia saa iko njiani.

Funga vizuri isivunjike, barabara mnaijua.

Hilda

*

Mbinga,
2 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Naituma saa leo kwa basi, nimeizungushia godoro la mtoto. Hilo godoro mlitunze, tutalihitaji. Aurelia hajambo, miguu inamvimba kidogo. Usipa wamefika, amekula wabichi wabichi kabla sijawasha moto.

Maelekezo nimeyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, ila nayarudia. Kitufe kikubwa cha kulia ni CD. Cha kushoto ni redio. Namba zimekaa kama za kwenye simu, ikiandika 10 ujue ni saa nne. Kengele nimetegesha ipige kila baada ya masaa mawili, mlio mdogo, hautamshtua. Betri nimeweka mpya.

Kitu kimoja sikuweza kukufanyia. Njiani itatikisika, betri zinaweza kuachia, saa ikapotea. Ikifika ukikuta namba zinawaka na kuzima, washa redio, tafuta stesheni yoyote inayoshika vizuri, ngoja taarifa ya habari. Kabla ya habari kuna ile milio midogo. Mlio wa mwisho, mrefu, ukilia, na wewe bonyeza. Saa itakuwa sawasawa kabisa.

Nimejaribu CD ya kwaya nyingine, inasoma safi. Ya kwenu sijui. Za kuchomwa nyumbani zinategemea bahati.

Siulizi tena lile nililouliza. Nimeona hukujibu.

Hamphrey

*

Chiwanda,
Jumatatu, 18 Septemba 2023

Mwanangu Hamphrey,

Leo salamu nitazifupisha, unisamehe. Tuko hai. Godoro la mtoto nimelifua na kulianika, litarudi na basi hili hili.

Saa ilifika tarehe nne, haina hata mkwaruzo, namba zinawaka na kuzima kama ulivyosema. Niliiweka juu ya stuli, upande wa mkono wake mzima. CD nikamwachia aiweke mwenyewe. Ilimchukua muda, lakini mfuniko aliubonyeza yeye. Mashine ikakwaruza kwaruza nikasema basi, imeshindikana, halafu kwaya ikaanza. Tukasikiliza zote mpaka wa sita. Mama yako alipoingia, Hamphrey, kaka yangu alikuwa anahesabu mapigo kwa kidole kwenye shuka, na pale mama yako alipokuwa akichelewa siku zote, na alikuwa anagombezwa kwa hilo, akamsubiri. Nililia mimi. Yeye hakulia.

Kesho yake asubuhi nikawasha redio niweke saa. Stesheni iliyoshika safi ilikuwa moja tu. Milio ikalia, mwenye kusoma habari akasema ni saa kumi na mbili, nami nikabonyeza. Alikuwa anasoma kwa Kinyanja. Sikujali, hapa hizo ndizo tunazosikia siku zote, na saa ni saa.

Tangu siku ile nimemgeuza kwa kengele, wala sikuhitaji kujua saa ya mtu mwingine. Jana Jumapili nikamwacha na jirani, nikaenda kanisani kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Misa ni saa tatu. Nilitoka namba zikisema bado dakika ishirini, nikatembea taratibu kwa sababu ya magoti, nikijisifu kwamba leo nimewahi. Nikakuta Padre anatoa baraka za mwisho. Watu wanatoka wananipa pole, wanafikiri mgonjwa alinichelewesha. Nikasema saa yangu ni mpya, haiwezi kukosea. Mzee Jastini, mmoja wa wale wazee wa siku ya tanga, ndiye aliyecheka akaniambia, Hilda, umeweka saa ya ng'ambo wewe, wale wako nyuma yetu saa nzima.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Ndilo lile uliloniandikia Julai, nami nililisoma kama kisingizio.

Sasa nakuambia mambo mawili niliyokuficha, uyasome ukiwa umekaa.

La kwanza. Siku ile ya mazishi, ulipoondoka mbele yake na simu yako mkononi, kaka yangu alinigeukia mimi. Akaniuliza: "Hilda, hivi simu inaweza kujibadilisha saa yenyewe?" Aliniuliza kwa sababu alitaka kukuamini, nilimwona usoni. Nami nikasema haiwezi. Nilisema kama mtu anayejua. Sikuwa nimewahi hata kumiliki simu. Nilikuwa na hasira na wewe kwa ajili ya wifi yangu, nikajibu kwa hasira. Neno lile alilolisema siku ya tanga lilitoka kwangu.

La pili. Baba yako hawezi kusema, lakini mkono wa kushoto unajibu. Ukimuuliza kitu huku umemshika, ndiyo anaminya, hapana anautoa. Tangu Mei nimemuuliza mara nne kama uje. Mara zote nne aliutoa. Ndiyo maana sikukujibu. Ningekuandikiaje?

Jana nilirudi nikamweleza yote, la saa, la kanisani, la swali lake na jibu langu. Nilimwambia kijana alisema kweli, mwongo ni mimi. Akageuza macho kwenye zile namba. Kisha machozi yakamtoka jicho la kushoto, jicho zima, yakawa yanashuka tu na mimi nafuta.

Sikumuuliza pale pale. Neno alilifunga mbele ya wazee, na mimi nimeshasema ya uongo mara moja. Nikimuuliza peke yangu, kesho nani ataniamini? Wewe mwenyewe hutaniamini. Nimezungumza na Mzee Jastini na Padre, watakuja Jumapili hii tarehe ishirini na nne na komunyo yake. Nitamuuliza mbele yao, wao ndio watakaoushika mkono.

Subiri siku hizo chache, mwanangu. Umesubiri miaka minne.

Mimi niliyekukosea,
Hilda

*

Mbinga,
Alhamisi, 21 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata barua yako jana jioni. Nimepiga simu yako tangu jana, haipatikani. Leo nimepiga mara kumi na saba.

Sina hasira. Nitakuwa nayo baadaye, sasa hivi sina nafasi nayo. Ulikuwa umefiwa na wewe. Na mimi ndiye niliyekuambia utafute stesheni yoyote. Mimi, kati ya watu wote.

Usisubiri Jumapili. Nakuomba kwa magoti. Muulize leo, muulize mara tu ukimaliza kuisoma barua hii, peke yako, gizani, vyovyote vile. Nitakuamini. Akiminya tu hata kidogo panda mlimani unipigie, siku hiyo hiyo nitakuwa njiani. Aurelia amekwenda kwao Kigonsera, ana miezi saba na ushee, amesema niende tu Baba akiniita.

Dereva nimemwambia barua hii asiiweke kwenye begi, aishike mkononi.

Hamphrey

*

Chiwanda,
Alhamisi, 28 Septemba 2023

Mwanangu Hamphrey,

Barua yako ilinifikia Jumatatu.

Ijumaa kabla yake, tarehe ishirini na mbili, nilimgeuza saa nane mchana kengele ilipolia. Saa kumi ilipolia tena nikakuta mdomo umepinda zaidi na jicho zima limefunga. Nilikimbia mlimani na magoti haya nikakuambia amezidiwa. Ukauliza, umemuuliza? Nikakata simu. Ndiyo, ni mimi niliyekata safari hii.

Jumapili walikuja Padre na Mzee Jastini kama tulivyopanga. Komunyo hakuweza kumeza. Mzee Jastini akaushika mkono akauliza kwa sauti, Aidan, umemwita mwanao Hamphrey arudi uani kwako? Tukangoja. Mkono haukuminya, wala haukutoka. Ulikaa tu mle mkononi mwake. Akauliza mara tatu. Kisha akaurudisha juu ya shuka, akatoka nje.

Anapumua. Nesi anasema anaweza kusikia, anaweza asisikie, yeye mwenyewe hajui. CD naiweka asubuhi na jioni. Kidole hakihesabu.

Mzee Jastini ameniambia nikuandikie kwamba aliminya. Amesema yeye atakuwa shahidi wangu, na Padre atanyamaza. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi na neno lenyewe ni fupi, aliminya, halizidi hapo. Ungekuja, roho yako ingetulia, na mtoto angezaliwa bila hofu. Nimeshindwa. Nilishamjibu kaka yangu kitu nisichokijua, na wewe sitakujibu kitu nisichokijua.

Machozi yale ya siku niliyotoka kanisani niliyaona kwa macho yangu. Yalikuwa ya nini, ya kukuita, ya kunilaani mimi, ya uchungu tu wa mgonjwa, sijui. Ningeuliza pale pale ningejua. Alikuwa amenishika mkono, Hamphrey. Alikuwa amenishika, nami nikasema tungoje mashahidi.

Sikuambii uje, sikuambii usije. Sina neno la kukupa.

Hilda

*

Chiwanda, barabarani,
Jumamosi, 7 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi hii anakuletea Mama Rosa, nimekutana naye akitoka kuteka maji. Mimi nipo nje ya ua, upande wa barabara. Nimefika tangu alfajiri. Nilifikiri nikifika nitaingia tu, njia nzima nilikuwa nimeshaamua. Aurelia alishaniaga, akaniambia lolote litakalokuja litatukuta wote.

Nakuona ukipita mlangoni na beseni. Dirisha la Baba liko wazi, nasikia kengele ya masaa mawili ikilia, halafu nasikia sauti yako ukimwambia haya kaka, tugeuke. Mara mbili sasa. Nimesimama hapa nikasikia mara zote mbili, na mguu haujanyanyuka.

Sidai neno lake tena. Halipo, na halitakuja, nimeelewa. Neno la kwako ulisema huna, nalo nimelielewa. Lakini sauti unayo. Toka nje, Shangazi, uniite jina langu, uliite kwa nguvu kama ulivyokuwa ukituita kula tulipokuwa watoto, hata yeye asikie kama anasikia. Kisha uje hapa nilipo tuingie wote. Peke yangu nimeshindwa.

Hamphrey